Redio ya kupapasa: kumchagulia na kumwekea redio ya dijitali mtu asiyeona, kwa sisi wa Mtwara na Lindi

Nina banda la ufundi redio hapa Mtwara mjini, na kosa la kwanza katika jambo hili nililifanya mwenyewe. Mzee mmoja wa Nanguruwe, ambaye presha ya macho ilimmaliza macho yote mawili, alikuja na mjukuu wake kutafuta redio. Nikamtolea iliyokuwa inang'aa kuliko zote: kioo kikubwa cha bluu, namba zinawaka, vitufe vya kugusa tu bila kubonyea. Elfu thelathini na tano. Akalipa, akashukuru, wakaondoka. Siku ya nne akarudi nayo ndani ya kikapu.

"Fundi," akasema, "redio yako nzuri, lakini inaongea na mjukuu wangu. Mimi hainijui."

Nikamrudishia hela yake, halafu nikamwomba akae kidogo. Nikapanga redio sita juu ya meza, nikamwachia azishike. Kwa nusu saa ile nilijifunza mambo ambayo miaka yote ya kushika bisibisi haikunifundisha. Hakugusa kioo hata mara moja. Alipitisha dole gumba pembeni mwa kila redio, akatafuta panapobonyea, akabonyeza, akatega sikio. Nyingine aliisukuma pembeni kabla hata sijaiwasha. Tangu siku ile redio ya mtu asiyeona naipima kwa swali moja: je, ataweza kuiwasha, kupata stesheni yake na kujua yuko stesheni gani bila kumwita mtu?

Yanayofuata ndiyo ninayowaeleza wanaokuja bandani wakisema, "Naomba redio ya bibi, haoni."

Tuelewane kwanza kuhusu neno dijitali

Ukiambiwa dukani kwamba redio ni ya dijitali, maana yake haina ule mshale unaotembea juu ya mistari. Stesheni hutafutwa kwa vitufe na namba yake hutokea kwenye kioo. Matangazo yenyewe ni ya FM ileile, kuanzia 87.5 hadi 108. Wenzetu wa Ulaya wana kitu kingine kinachoitwa DAB, ambacho sauti yenyewe hurushwa kwa mfumo wa dijitali na jina la stesheni huja pamoja nayo. BBC ilianza kurusha kwa mfumo huo mwaka 1995, na Norway ilizima FM ya stesheni zake za taifa mwaka 2017. Stesheni zetu za huku, ziwe Safari FM na Jamii FM za Mtwara, Mashujaa FM ya Lindi au TBC Taifa ambayo wazee bado wanaiita RTD, tunazikamata kwa FM. Kwa hiyo asikuuzie mtu redio ya DAB kwa bei ya juu eti ndiyo dijitali ya kweli.

Redio ya mshale ilikuwa na wema wake kwa mtu asiyeona. Ukiiwasha inalia *tak*. Kirungu cha sauti kikiwa kimezungushwa nusu, mkono unajua ni nusu. Stesheni unaitafuta kwa sikio, kidogo kidogo, mpaka mikwaruzo iishe. Kama mzee wako anayo na anaiweza, usimnyang'anye kwa kuwa umekuja likizo na hela. Ilete ikapulizwe vumbi na kubadilishiwa waya wa antena, umrudishie.

Dijitali inafaa pale redio ya mshale inapomshinda: stesheni zinahamahama zenyewe, vidole vinatetemeka, au anataka pia kusikiliza kadi ya memori. Faida yake kubwa ni kwamba stesheni ikishahifadhiwa haisogei. Hasara yake ni kwamba wengi walioitengeneza walidhani kila mnunuzi ana macho.

Hatua ya kwanza: muulize mwenyewe anasikiliza nini

Inaonekana ndogo, lakini watu wengi wanairuka. Wanafika dukani hawajui kama bibi anataka mawaidha usiku au taarifa ya habari tu. Bibi mmoja wa Mikindani alinunuliwa redio yenye kadi iliyojazwa nyimbo mia nne za bongo fleva. Yeye alitaka kusikia vifo na matangazo ya jamii, basi.

Uliza stesheni gani, saa ngapi, na analala wapi na redio. Mkulima atakutajia matangazo ya minada ya korosho kuanzia Oktoba. Mpenda mpira atataka Namungo akiwa Ruangwa, au mechi ya Simba na Yanga. Yule mzee wa Nanguruwe ana utani wake: uwanja wetu umepewa jina la mwanasiasa Nangwanda Sijaona, kwa hiyo, anasema, mechi ya pale ina haki ya kutazamwa na yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Uliza pia anaona kiasi gani. Haoni kabisa na ana uoni hafifu ni watu wawili tofauti. Mwenye mtoto wa jicho ambaye hajafanyiwa upasuaji anaweza kuona mwanga na kivuli. Watu wengi wenye ualbino wanaona, ila kwa shida, na mwanga mkali huwasumbua. Kwa hao redio nyeusi yenye vitufe vyeupe, au kipande cha utepe wa njano, vinasaidia kuliko kioo kinachowaka.

Hatua ya pili: jaribio la kufumba macho, pale pale dukani

Usimwulize muuzaji kama redio inafaa kwa asiyeona. Atasema inafaa. Aiwashe yeye kwanza ujue ni nzima, halafu fumba macho uishike wewe. Kama mwenye redio yupo, mpe yeye, na wewe nyamaza. Hapo usiwe na haraka, hata kama muuzaji anakutazama vibaya.

Anza na kuwasha. Kitufe cha kuwasha kiwe cha kusukuma au cha kuzungusha, kinachotoa mlio au kinachobaki kimesogea. Redio nyingi za spika za Kichina zenye sola na tochi zina swichi ndogo ya kusukuma pembeni, na hiyo ni nzuri: kidole kikiigusa tu kinajua imewashwa au imezimwa. Zile za kubonyeza kwa sekunde tatu ni mtihani, maana ukibonyeza kwa mbili hujui kama haijawaka au imewaka na sauti iko chini.

Halafu sauti. Hapa ndipo penye mtego uliofichika kuliko yote. Kwenye redio nyingi ndogo, kitufe kimoja kina kazi mbili: ukibonyeza kidogo unaruka stesheni, ukishikilia unaongeza sauti. Nyingine ni kinyume chake. Kwa mwenye macho si tatizo, anatazama kioo. Asiyeona anataka kuongeza sauti kidogo asikie bei ya korosho, mara anajikuta kwenye muziki, na stesheni aliyotoka haijui ni ipi. Tafuta redio yenye kirungu cha sauti cha kuzungusha, peke yake. Nimeshasema kwa wateja mara nyingi, na narudia: kama utaangalia kitu kimoja tu dukani, angalia hicho.

Baada ya sauti, njoo kwenye kitufe cha kubadili kazi, yaani kutoka FM kwenda kadi, flashi au Bluetooth. Redio nyingi za siku hizi hutamka kwa Kiingereza chenye lafudhi ya China kila unapobadili. Watu wanazicheka, lakini kwa asiyeona sauti ile ni mali. Bibi hahitaji kujua Kiingereza. Baada ya siku mbili anajua sauti fupi ni ya redio na ile ndefu ni ya Bluetooth. Mwombe muuzaji asiizime.

Sasa izime redio ikiwa kwenye stesheni, subiri dakika moja, iwashe. Imerudi palepale? Sauti imebaki ilipokuwa, au imepiga kelele ya kuamsha mtaa? Kama betri inatolewa, itoe, irudishe, ujaribu tena. Redio inayosahau stesheni kila betri ikiisha itamrudisha mwenyewe kwenye kuomba msaada kila wiki.

Mwisho pitisha kidole kwenye tundu la chaji. Kama ni lile la zamani la micro-USB, lina upande wa juu na wa chini, na asiyeona akililazimisha atalivunja. Redio za tundu lililovunjika ninazo sanduku zima. Tundu la type-C huingia pande zote mbili. Redio mbili zikifanana kwa kila kitu, chukua ya type-C.

Aina utakazokutana nazo

Redio-spika ndogo za kadi na flashi ndizo zinazojaa sokoni Mtwara, Masasi, Lindi mjini na Nachingwea. Bei ni ya mkulima, zinadumu kiasi, na ukichagua kwa jaribio la hapo juu unapata nzuri.

Zinazofuata ni zile zenye vitufe vya namba kama simu, 0 hadi 9. Tecsun wanatengeneza za namna hiyo. Hazipatikani kila duka, mara nyingi unaagiza Dar es Salaam, na bei yake si ya mchezo. Ila kwa mtu ambaye alishazoea simu ya kitochi, hii ndiyo redio ya kumfaa. Kwenye simu, namba 5 ina kinundu kidogo. Kidole kikikipata, namba nyingine zote zinajulikana zilipo. Kama redio haina kinundu hicho, tutakiweka wenyewe, nitaeleza chini. Mtu anaandika masafa ya stesheni yake moja kwa moja na inakuja. Hakuna kutafuta. Angalizo moja: redio hizi mara nyingi zina kitufe cha kufunga vitufe vingine visibonyezwe safarini. Kikiguswa kwa bahati mbaya redio inakuwa kama imekufa. Nimeshaletewa redio nzima kabisa kutoka Newala, nauli ya kwenda na kurudi, kwa sababu ya kitufe hicho.

Halafu kuna redio zinazoongea zenyewe, zilizotengenezwa kwa ajili ya wasioona. Sangean wana moja, PR-D17, inayomwongoza mtu kwa sauti na ina vitufe vikubwa vyenye alama za kupapasa. Uingereza upo mfuko uitwao British Wireless for the Blind Fund, ambao tangu miaka ya 1920 umekuwa ukiwapatia redio wasioona wa kule wasio na uwezo, na kampuni ya Pure ilishirikiana na RNIB, taasisi ya wasioona ya kulekule, kutoa redio ya DAB inayotamka majina ya stesheni. Kwetu redio hizi huja kwa mkono wa ndugu aliye nje. Kama ndugu yako anauliza alete nini, mwambie mambo haya kabla hajalipa:

Ya Uingereza haina shida ya umeme, kwani wao na sisi tunatumia volti 230 na plagi yao ya miguu mitatu bapa ndiyo hii yetu. Sehemu ya DAB haitakuwa na kazi, hivyo ahakikishe sauti ya kuongoza inafanya kazi hata kwenye FM. Ya Marekani iangaliwe chaja yake kama inakubali volti 230, maana wao wanatumia 120. Lakini hata ikikubali kuna jambo lingine: stesheni za kule zimepangwa kwenye desimali zisizogawanyika kwa mbili, kama 90.1, 90.3, 90.5, na baadhi ya redio zao za dijitali huruka hivyohivyo. Stesheni yako ikiwa 90.2 haitakaa sawa mpaka redio iwe na sehemu ya kubadili mpangilio huo. Ya Japani ndiyo hadithi ya magari yetu: FM ya kule inaanzia 76, na redio nyingi za zamani zinaishia 90. Ukiwa na gari la Japani unajua mateso hayo.

Hatua ya tatu: tafuta stesheni nyumbani kwake, sio dukani

FM huenda kwa mstari ulionyooka, mlima ukiwa katikati inakwama. Redio iliyotafuta stesheni ikiwa Mtwara mjini imehifadhi stesheni za Mtwara mjini. Ukiipeleka Masasi kwenye miamba ile, nusu ya ulichohifadhi ni mikwaruzo. Ukiwa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, unaitazama Ruvuma kwa chini na Msumbiji ng'ambo. Usishangae orodha yako ikiwa na mtu anayesoma habari kwa Kireno.

Kwa hiyo chaji redio ijae, ipeleke mahali itakapokaa, vuta antena yote. Kama redio haina antena ya kuvuta bali hutumia waya wa chaji au wa spika za masikioni, uchomeke na uunyooshe. Weka FM. Kwenye redio-spika nyingi, kitufe cha kucheza na kusimamisha wimbo ndicho kinachoanzisha utafutaji. Bonyeza, nyingine zinataka ushikilie. Utasikia ikiruka vipande vipande vya sauti kwa dakika moja au mbili. Usiiguse mpaka itulie.

Utafutaji huanza masafa ya chini kwenda ya juu. Hii ina maana kwamba stesheni zimehifadhiwa kwa mpangilio usiobadilika, kama ngazi. Kaa naye sasa mpande ngazi pamoja. Kidato cha kwanza, sikilizeni mpaka mjue ni stesheni gani. Wengi hujitaja kila baada ya matangazo mafupi. Bonyeza mbele, cha pili. Cha tatu. Yeye ndiye ahesabu, wewe usimwandikie. Bibi wa Mikindani niliyemtaja ameziweka stesheni zake kwa majina ya nyumba za mtaani kwake: ya kwanza ni kwa Mwanahawa, ya pili msikitini, ya tatu haina watu maana ni mikwaruzo, ya nne kwa mwalimu. Anapita mlango kwa mlango.

Halafu waonye wa nyumbani wote, hasa watoto: asiguse mtu kitufe cha kutafuta. Kikibonyezwa siku ya mvua au antena ikiwa imekunjwa, ngazi nzima inabadilika, stesheni ya nne inakuwa ya sita, na mwenye redio anapotea ndani ya chumba chake. Kwenye banda langu hilo ndilo tatizo namba moja la redio za wasioona, na si ubovu.

Kama redio ina vitufe vya namba, kazi ni nyepesi. Andika masafa ya stesheni, halafu kwenye nyingi unashikilia namba mpaka ilie, imehifadhi. Namba 1 iwe ile anayoisikiliza zaidi. Usimjazie kumi, anza na tatu.

Hatua ya nne: alama za vidole

Hapa ndipo ninapopenda. Vifaa ni vya kawaida: gundi ya kuchanganya mirija miwili, rangi ya kucha, uzi mnene wa kushonea viatu, kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, njiti ya kiberiti.

Futa kitufe kwa pamba yenye spiriti, mafuta ya vidole yatoke. Changanya gundi kidogo sana, kama punje ya mtama. Chovya ncha ya njiti, iguse katikati ya kitufe, inua polepole wima. Itaacha kinundu chenye kichwa cha mviringo. Usikiguse. Laza redio kitufe kikitazama juu, usiku mzima, mbali na watoto na kuku. Asubuhi pitisha kidole: kiwe cha kusikika, kisiwe cha kuchoma. Kikiwa na ncha kali, kisugue kwa msasa laini. Angalia sana gundi isiteremke pembeni mwa kitufe, maana ikiingia kwenye ufa kitufe hakibonyei tena, na hapo tutaonana.

Rangi ya kucha ni rahisi zaidi lakini lazima urudie matone matatu au manne, kila moja likikauka kwanza, na baada ya miezi kadhaa linabanduka. Kwa mwenye uoni hafifu chagua nyekundu au nyeupe juu ya kitufe cheusi, atapata faida mbili.

Alama ngapi? Tatu. Moja kwenye kitufe cha kwenda stesheni ya mbele, moja kwenye cha kubadili kazi, moja upande wa juu wa tundu la chaji. Kwenye redio ya namba, weka moja tu juu ya 5. Kijana mmoja alinikuta nimeweka alama tatu akaniambia ni uvivu, akaenda kubandika vinundu kwenye vitufe vyote kumi na viwili vya redio ya baba yake. Baba alisema ni kama kushika fenesi. Tukavibandua.

Kitufe cha kutafuta stesheni, kile cha hatari, nakifanyia kinyume. Nakibandikia juu yake kipande cha mpira wa baiskeli, kidole kikipita kinajua hapa hapana. Ila kama ni kile kile cha kucheza na kusimamisha kadi, acha wazi, wafundishe watoto.

Tobo la kamba ya mkononi lifunge uzi wenye fundo moja. Ni njia ya kujua redio ya nani pale zinapokuwa mbili ndani ya nyumba, na redio ikianguka inatafutwa kwa uzi.

Hatua ya tano: kumkabidhi

Usishike mkono wake na kuupeleka kwenye kitufe kama unamshika mtoto kuandika. Weka mkono wako kwenye redio, mwambie aweke wake juu ya wako, afuate, halafu chomoa wako. Majina ya vitufe yawe mamoja na yasibadilike: leo ukisema cha mbele, kesho usiseme cha kulia. Redio ikigeuzwa, kulia inakuwa kushoto. Afadhali useme cha upande wa antena, cha upande wa kamba.

Afanye mwenyewe mara tatu: awashe, aende stesheni anayoitaka, azime. Akikosea mwache atafute. Siku mbili baadaye pita tena umuulize nini kinamsumbua, na ukisikia hapati stesheni fulani usiikimbilie redio. Mwulize kwanza anafanyaje. Mara nyingi antena ndiyo imekunjwa wakati wa kufagia.

Kadi ya memori

Kama anataka Kurani, mahubiri, taarabu au masimulizi, kadi ya GB 32 au chini yake inatosha, iliyofomatiwa FAT32, yaani mpangilio wa kadi ambao redio hizi huusoma. Kubwa zaidi redio nyingi ndogo hazizisomi. Redio hizi hazina njia ya kumsomea majina ya mafaili, na mara nyingi huyapiga kwa mpangilio yalivyonakiliwa, bila kujali alfabeti. Kwa hiyo nakili moja baada ya jingine kwa mpangilio unaoutaka.

Kuna ujanja nilioupata kwa mteja. Mwanzoni mwa kila kundi, weka faili fupi la sauti yako: "Mama, hapa zinaanza qaswida." Halafu qaswida. Halafu: "Mama, hapa ni hotuba." Anapobonyeza mbele anakusikia wewe ukimwambia yuko wapi. Rekodi ya simu mara nyingi haiji kama MP3, na redio itairuka kimya kimya. Tumia programu ya kurekodi inayotoa MP3 au WAV, au mletee kijana wa kuchoma nyimbo aibadilishe.

Chaji, chumvi na salfa

Taa nyekundu ikigeuka kijani haimsaidii asiyeona. Mpe saa: ichomekwe baada ya swala ya Alfajiri, ichomolewe Adhuhuri. Redio za sola zisiachwe juu ya bati kutwa. Kioo cha sola kinapenda jua, betri ya lithiamu iliyo nyuma yake hailipendi. Zenye betri kubwa, zile wazee wanazoita mawe, zitolewe betri kama redio haisikilizwi kwa wiki, maana zikivuja zinakula vyuma. Mwonyeshe mwenyewe upande wa kinundu cha betri na upande wa springi; vidole vinaijua tofauti hiyo haraka kuliko macho.

Wa Mikindani, Msimbati na Kilwa, upepo wa bahari una chumvi na chumvi inakula swichi. Wa Tandahimba na Newala, wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, ifunge redio kwenye kitambaa mpaka vumbi litulie. Mfuniko wa kanga tu unatosha.

Usimwachie simu peke yake ukadhani redio haina kazi tena. Simu ya Android ina TalkBack inayosoma kila kitu kwenye kioo, na kwenye nyingi huwashwa kwa kushikilia vitufe viwili vya sauti kwa pamoja kwa sekunde kadhaa. Vijana wasioona wanaitumia vizuri kuliko mimi. Lakini kumbuka Mei 2024. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, barabara ya Dar es Salaam ikakatika Kilwa upande wa Somanga. Tarehe 12 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika, nchi nzima ikawa inazunguka kiduara kwenye simu. FM haipiti kwenye nyaya hizo. Siku za tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa, redio ya betri iliyojaa ndiyo inayokaa kitandani.

Ikiharibika

Ilete na chaja yake mwenyewe, na aje mwenye redio kama anaweza, kwa sababu yeye ndiye anajua ilibadilika lini: ilianza kukoroma, ilianza kuchelewa kuwaka, sauti imekuwa nyembamba. Wanasikia ubovu wiki mbili kabla yangu. Mwambie fundi, hata kama si mimi, asibandue vinundu, asianzishe utafutaji wa stesheni ili kujaribu kama inakamata, na akilazimika kubadilisha kava ahamishe alama kwenye vitufe vipya kabla ya kuirudisha. Ile ya mzee wa Nanguruwe, aliyoichagua mwenyewe mezani siku ile, imeshapita mikononi mwangu mara mbili kwa betri. Mara ya pili niliifungasha, nikampa. Akaigeuza, akapitisha dole gumba, akanirudishia. Kinundu cha tundu la chaji kilikuwa kimetoka.

"Kaa nayo mpaka kesho," akasema. "Gundi ikauke."